Mkuki kwa Nguruwe, Machozi kwa Mbwa

Tarehe 19 Julai 2007, mzee wa miaka 89 alisimama katika ukumbi wa Seneti ya Marekani, mikono ikimtetemeka. Robert Byrd wa West Virginia alikuwa amekalia kiti chake tangu 1959, na kufikia siku hiyo hapakuwa na mtu katika historia ya nchi yake aliyewahi kuwa seneta kwa muda mrefu kama yeye. Wenzake walikuwa bado na usingizi machoni: usiku wa kuamkia jana yake Seneti ilikesha ikibishana kuhusu kuwaondoa askari Iraq, na mjadala ukaisha bila muafaka. Byrd hakusimama kuendeleza mjadala huo. Alisimama kuzungumzia mbwa.

Alisema mahali penye moto mkali kuliko pote jehanamu pamewekewa watu wanaovitesa viumbe vya Mungu namna ile. Alisema aliwahi kushuhudia mtu akiuawa kwenye kiti cha umeme, na kwamba si jambo la kupendeza kulitazama, lakini angeweza kuvumilia kuliona tena kama anayeketishwa pale ni mtu wa biashara hii. Na kulikuwa na neno moja alilolirudia tena na tena, sauti ikipanda, akitaka livume toka mlima hadi mlima na bonde hadi bonde. Kwa Kiswahili karibu kila mfasiri angeliandika "unyama".

Hapo lugha yetu inajikwaa kidogo. Tunaita unyama jambo ambalo hakuna mnyama aliyewahi kulibuni. Hakuna mbwa aliyemfunga mwenziwe mnyororo mzito ili shingo yake ikomae, akamtafutia mpinzani wa uzito uleule, kisha akakusanya pesa za kamari mlangoni.

Kilichomchoma Byrd ni hati ya mashtaka iliyotolewa siku mbili kabla, dhidi ya Michael Vick na wenzake watatu. Kwa msomaji asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani: Vick, mzaliwa wa Newport News huko Virginia, alikuwa kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi yote ya timu. Mwaka 2001 Atlanta Falcons walimchukua akiwa chaguo la kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya, Mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo katika nafasi yake. Desemba 2004 alisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 130, mkubwa kuliko wowote katika ligi wakati huo. Watoto walivaa jezi yake namba 7 hadi katika miji ambayo timu yake ilichukiwa.

Na katika miaka hiyohiyo, kwenye kiwanja alichokinunua barabara ya Moonlight, wilaya ya Surry, kulikuwa na mabanda yaliyopakwa rangi nyeusi nyuma ya nyumba. Polisi walifika pale tarehe 25 Aprili 2007 wakifuatilia kesi ya dawa za kulevya iliyomhusu ndugu yake. Walikuta mbwa zaidi ya 60, wengi wao pitbull, baadhi wakiwa na makovu. Mashtaka yalieleza mapambano yaliyochezwa katika majimbo kadhaa, kamari zilizofikia maelfu ya dola kwa pambano moja, na jinsi mbwa walioonekana kukosa moyo wa kupigana walivyouawa: kwa risasi, kwa kunyongwa, kwa kuzamishwa majini, kwa umeme, kwa kupigizwa chini.

Mwanzoni Vick alikana. Tarehe 27 Agosti alikiri kosa mbele ya Jaji Henry Hudson mjini Richmond, na Desemba akahukumiwa miezi 23, zaidi ya waendesha mashtaka walivyopendekeza, kwa sababu jaji hakuridhika kwamba alikuwa amesema kweli yote. Alikwenda kutumikia kifungo Leavenworth, Kansas. Nike walimwacha, Falcons walimwacha, na Julai 2008 aliomba kutangazwa amefilisika.

Hayo ndiyo ya mahakamani. Ya mitaani yalikuwa marefu zaidi.

Kabla hata kesi haijaiva, hasira ya wanasiasa ilikwisha kupata jina lake la pili, nalo ni unafiki. Wa kwanza kubandikwa alikuwa Byrd mwenyewe, na ni rahisi kuona kwa nini. Miaka ya 1940 alikuwa mwanachama na mwandikishaji wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Mwaka 1964 alisimama katika ukumbi uleule akazungumza kwa zaidi ya saa 14 mfululizo akijaribu kuzuia Sheria ya Haki za Kiraia. Aliomba radhi mara nyingi baadaye, na hapana sababu ya kudhani radhi hiyo haikuwa ya dhati. Lakini Mmarekani Mweusi aliyemsikia mzee huyo akitamani kiti cha umeme huku mshtakiwa anayezungumzwa nchi nzima akiwa kijana Mweusi, alikuwa na haki ya kuuliza kumbukumbu ya seneta inaanzia wapi.

Wa pili alikuwa Seneta John Kerry wa Massachusetts, aliyemwandikia barua kamishna wa ligi, Roger Goodell, akitaka Vick asimamishwe mara moja. Oktoba 2004, akigombea urais, Kerry huyohuyo alikwenda Ohio kuwinda bata bukini mbele ya kamera, ili wapiga kura wa vijijini waone kwamba naye anajua kushika bunduki. Na mwaka 2002 alipiga kura ya kumruhusu Rais Bush kuivamia Iraq. Byrd, lazima isemwe, aliipinga kura hiyo kwa nguvu kuliko karibu mtu yeyote katika Seneti. Shutuma ya vita ilimpata Kerry. Kwa Byrd ilipotea njia.

Upande wa pili wa ukumbi, kwa Republican, hali haikuwa safi pia. Desemba 2003 Makamu wa Rais Dick Cheney alialikwa kwenye klabu ya matajiri huko Ligonier, Pennsylvania, ambako ndege mia kadhaa wa jamii ya kwale, waliofugwa bandani, waliachiliwa mbele ya bunduki. Kundi lake liliua zaidi ya 400. Inasemekana yeye peke yake aliangusha zaidi ya 70. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ndege hao hawakuwa na nafasi kubwa ya kuponyoka kuliko mbwa wa Surry, ila waliokuwa wakiwatazama wakifa walivaa mavazi bora zaidi.

Shutuma nzito kuliko zote, hata hivyo, ilihusu damu ya watu. Tarehe 12 Julai 2007, siku tano kabla ya mashtaka ya Vick, helikopta ya Marekani ilifyatua risasi katika mtaa mmoja wa Baghdad na kuua kundi la watu, wakiwamo wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters. Umma haukuiona picha ya tukio hilo hadi Aprili 2010, WikiLeaks walipoitoa. Tena, mbwa walikuwamo katika vita hivyo. Katika gereza la Abu Ghraib askari walitumia mbwa wa jeshi kuwatisha wafungwa, wengine wakiwa uchi, na picha zake zilizunguka dunia mwaka 2004. Sajenti mmoja aliyekuwa na mbwa wake katika picha hizo alihukumiwa Machi 2006. Alipewa siku 179.

Siku 179 kwa aliyewaachia watu mbwa, miezi 23 kwa aliyewaachia mbwa mbwa wenzao. Mizani hiyo haina haki kamili, kwa kuwa mahakama ni tofauti, sheria ni tofauti, na wakubwa waliobuni mbinu za Abu Ghraib hawakukanyaga kizimbani. Lakini huo mwisho wa sentensi ndio hasa uliowauma watu.

Kisha kuna rangi. Agosti 2007 mwenyekiti wa tawi la Atlanta la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alisema waziwazi kwamba Vick ameandikwa vibaya kuliko ambavyo angeandikwa kama angeua mtu. Alichekwa. Machi 2009 ligi ileile ikatoa mfano wa karibu mno: Donte Stallworth, mchezaji wa Cleveland Browns, akiendesha gari baada ya kulewa, alimgonga na kumuua mtu aliyekuwa akivuka barabara Miami. Alihukumiwa siku 30 jela, pamoja na kifungo cha nyumbani na miaka ya uangalizi. Stallworth ni Mweusi pia, kwa hiyo mfano wake hauthibitishi hoja ya rangi. Alisimama, alipiga simu polisi, hakudanganya, na familia ya marehemu iliridhia makubaliano. Kinachobaki, hata baada ya kupunguza yote hayo, ni kwamba wakati Vick alipotoka gerezani waandamanaji walimsubiri na mabango kila alikokwenda, na Stallworth alirudi uwanjani mwaka uliofuata bila kelele za kutajika.

Weusi wengi hawakumtetea Vick kwa alichofanya. Walichokikataa ni mafundisho ya huruma kutoka kwa watu wasioikumbuka historia ya mbwa upande wa pili wa mnyororo. Mbwa ndio waliotumiwa kuwasaka watumwa waliotoroka mashambani Kusini. Mei 1963, huko Birmingham, Alabama, Bull Connor aliwaamuru polisi wake kuwaachia mbwa vijana walioandamana kudai haki, na picha ya mbwa akimrukia kijana tumboni ikafika katika magazeti ya nchi nzima. Kwa bibi aliyekuwapo Birmingham, mbwa aliyelala sebuleni kwenye zulia si ishara ya ustaarabu moja kwa moja. Msomaji wa Mombasa au Unguja, aliyelelewa katika nyumba ambamo mbwa havuki kizingiti kwa sababu ya unajisi wa mate yake, ataelewa kwa njia yake kwamba mapenzi ya mbwa si dini ya watu wote. Lakini kutompenda mbwa na kumnyonga kwa sababu ameshindwa pambano ni mambo mawili, na waliojaribu kuyaunganisha kwa kusema ni utamaduni wa Kusini hawakumsaidia Vick wala Kusini.

Hata watetezi wa wanyama walinaswa. Mbwa wapatao 50 wa Surry walipokuwa mikononi mwa serikali, Wayne Pacelle wa Humane Society of the United States, shirika lililopiga kelele kuliko mengi, alishauri wauawe, akiwahesabu miongoni mwa mbwa waliofunzwa ukali kupita wote. PETA, shirika jingine la kutetea wanyama, walikuwa na msimamo huohuo. Ndivyo ilivyokuwa desturi: mbwa aliyekamatwa kwenye mapambano alihesabiwa kama silaha, na silaha huharibiwa kesi ikiisha. Mahakama ilikataa kufuata mazoea. Iliwatumia wataalamu wawapime mbwa mmoja mmoja, ikamteua profesa wa sheria, Rebecca Huss, awe mlezi wao kisheria, na Vick akatakiwa kutoa dola 928,000 na ushee za matunzo. Mbwa mmoja tu ndiye aliyechomwa sindano ya kufa kwa sababu ya ukali. Ishirini na wawili walikwenda Utah, kwenye hifadhi ya Best Friends. Wengine walichukuliwa na BAD RAP, kikundi kidogo cha Oakland, California, na vikundi vinginevyo. Wapo waliokuja kufanya kazi ya kufariji wagonjwa hospitalini.

Maadui wa PETA hawakukosa la kuongeza. Kumbukumbu za serikali ya Virginia zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanyama wanaopokelewa katika kituo cha shirika hilo mjini Norfolk huishia kuuawa. PETA hujibu kwamba wao huwapokea wale waliokataliwa kwingine, wagonjwa na vikongwe, na jibu hilo lina uzito. Hata hivyo ni jibu linalohitaji maelezo marefu, na penye hasira hakuna anayesubiri maelezo marefu.

Katika kelele zote hizo, aliyesogea karibu zaidi na mfupa wa jambo alikuwa Gary Francione, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Rutgers. Agosti 2009, Vick aliposajiliwa na Philadelphia Eagles, Francione aliandika makala katika gazeti moja la mji huo akidai kwamba sisi sote ni Michael Vick. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kumeza: anayekaa ukingoni mwa shimo akifurahia mbwa wakiraruana, na anayekaa kando ya jiko la mkaa akifurahia mbavu za mnyama aliyeishi na kufa kwa mateso, wote wawili wanafurahia kitu wasichokihitaji ili waishi. Marekani huchinja kuku wapatao bilioni 9 kwa mwaka na nguruwe zaidi ya milioni 100. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1958 inayotaka mnyama apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa haiwahusu kuku kama inavyotekelezwa, yaani haiwahusu zaidi ya tisa katika kila wanyama kumi wa nchi kavu wanaochinjwa huko.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo ilidhani viko vyeo viwili tu. Marekani imeongeza cha tatu katikati, cha mbwa, na kukizungushia ukuta.

Kujenga ukuta wa namna hiyo si ugunduzi wa Marekani. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mapigano ya mbwa kwa mbwa na ya mbwa kwa fahali mwaka 1835. Uwindaji wa mbweha kwa farasi na kundi la mbwa ukasubiri hadi sheria ya mwaka 2004, miaka 169 baadaye. Starehe ya vibarua wa machimbo na viwandani ilikuwa ukatili. Starehe ya wenye mashamba ilikuwa urithi wa taifa. Tony Blair, ambaye serikali yake ndiyo iliyofikisha sheria hiyo ya mbweha bungeni, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba aliijutia. Kwa upande wetu, sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza kuwapiganisha, lakini Kakamega, huko Shinyalu na Khayega, mafahali hugombana mchana kweupe kwa ngoma ya isukuti, na Seneta Boni Khalwale amelijenga jina lake la kisiasa kwa kufuga mafahali hao. Fahali anayeona amezidiwa hugeuka akakimbia na mchezo ukaisha, tofauti kubwa na shimo la Surry. Tofauti nyingine ni kwamba Kakamega mchezo una wapiga kura.

Wapiga kura ndio ufunguo. Ukiangalia hasira hizi kwa karibu, unaona kwamba huwa kali pale zisipomgharimu mwanasiasa hata kura moja, na hupoa kadiri zinavyokaribia sahani, bunduki au kambi ya jeshi. Ndiyo maana mbwa, asiye na chama cha wafugaji wa kumpiganisha wala mchango wa kampeni, amekuwa kiumbe bora wa kumrushia mpinzani.

Mifano imejaa. Desemba 2010, Vick akiwa katika msimu uliompa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo, Rais Barack Obama alimpigia simu mmiliki wa Eagles, Jeffrey Lurie, na pamoja na mazungumzo ya nishati ya jua na upepo uwanjani akamsifu kwa kumpa mfungwa nafasi ya pili. Ikulu iliharakisha kueleza kwamba rais analaani uhalifu wenyewe. Haikusaidia: mtangazaji Tucker Carlson alisema kwenye Fox News kwamba yeye ni Mkristo, anaamini katika nafasi ya pili, ila Vick alistahili kuuawa. Siku chache baadaye alirudi nyuma akisema alizidiwa na hisia.

Mwaka 2012 ikawa zamu ya Mitt Romney, aliyegombea urais dhidi ya Obama, kwa safari ya mwaka 1983 ambayo mbwa wa familia, Seamus, alisafirishwa kutoka Boston hadi Ontario akiwa ndani ya kibanda kilichofungwa juu ya paa la gari. Watu wa Obama walifurahia kuikumbusha nchi habari hiyo, mpaka watu wa Romney walipofungua kitabu cha Obama mwenyewe na kuonyesha kwamba akiwa mtoto Indonesia alilishwa nyama ya mbwa. Wiki kadhaa za kampeni ya urais wa nchi yenye silaha za nyuklia zilipita katika mzani huo: nani alimkosea mbwa zaidi.

Aprili 2024 Kristi Noem, gavana wa South Dakota aliyetajwa kama mgombea mwenza wa Donald Trump, alikiri katika kitabu chake kwamba alimpiga risasi mbwa wake wa miezi 14, Cricket, kwa sababu hakufundishika kuwinda na aliua kuku wa jirani. Siku hiyohiyo akampiga risasi na beberu mmoja. Vyama viwili visivyokubaliana hata juu ya saa ya ukutani vikaungana kumlaani. Jina la Cricket likawa maarufu duniani. Beberu hakuna aliyemuulizia jina. Noem alikosa nafasi ya umakamu, lakini Januari 2025 aliidhinishwa kuwa waziri wa usalama wa ndani, mwenye mamlaka juu ya kukamata na kufukuza wahamiaji.

Na wahamiaji ndio waliolipa gharama ya mbwa wa kisiasa kuliko wote. Katika mdahalo wa tarehe 10 Septemba 2024 Trump alidai kwamba Wahaiti wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa majirani. Maofisa wa mji walisema hakuna ushahidi wowote. Gavana wa jimbo, Mike DeWine, wa chama hichohicho cha Trump, alisema hivyo pia. Siku zilizofuata mji ulipokea vitisho vya mabomu zaidi ya 30, na shule zikafungwa. Mapenzi ya mbwa yakawa fimbo ya kuwapigia watu waliokimbia njaa na bunduki.

Hapo ndipo wengi husema yote ni unafiki, na wakishasema hivyo hurudi mezani kula. Shutuma hiyo ina tabia ya kumalizia mazungumzo yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaanza. Kama Kerry ni mnafiki, je, mbwa waachwe waendelee kunyongwa? Hakuna aliyesema ndiyo, isipokuwa mmoja aliyekaribia.

Huyo alikuwa Steve King, wakati huo mbunge wa Iowa. Mashirika ya wanyama yalikuwa yakidai kwamba kwenda kutazama mapigano ya wanyama kuwe kosa la shirikisho. Muswada huo ulikuwa na mtetezi asiyetarajiwa: Julai 2011 Vick mwenyewe alifika Capitol Hill kuuombea, akisimama bega kwa bega na Pacelle, yuleyule aliyetaka mbwa wake wauawe. King aliupinga. Mwaka 2012 alisema si sawa kumfanya mnyama awe juu ya mtu, kwa kuwa kumpeleka mtu kutazama watu wakitwangana ngumi si kosa la shirikisho. Kwa masikio ya mwanafalsafa, hoja inasimama. Lakini Iowa lilikuwa jimbo lililoongoza Marekani kwa nguruwe na kwa mayai, na wakati huohuo King alikuwa akisukuma kifungu ambacho kingezifuta sheria za majimbo kama California zinazodai kuku na nguruwe wapewe nafasi ya kugeuka. Aliyepiga kelele za unafiki alikuwa na vizimba nyumbani.

Historia ya sheria zenyewe inasimulia habari ileile kwa lugha ya tarehe. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilikataza kusafirisha wanyama wa kupiganishwa kutoka jimbo hadi jimbo, lakini likawaachia mwanya wenye jogoo, kwa sababu wafugaji wa jogoo wa kupiganisha walikuwa na chama na wabunge. Mwanya huo haukuzibwa hadi 2002. Tarehe 3 Mei 2007, siku nane baada ya polisi kuingia Surry, Rais Bush alitia saini sheria iliyofanya kosa hilo kuwa jinai ya kifungo cha hadi miaka mitatu. Vick hakushtakiwa kwa sheria hiyo kwa kuwa matendo yake yaliitangulia. Machi 2008 Wyoming likakamilisha orodha ya majimbo 50 yote yanayohesabu mapigano ya mbwa kuwa jinai kubwa. Louisiana, jimbo la mwisho kuruhusu mapambano ya jogoo, liliyafunga Agosti mwaka huohuo.

Kwa hiyo hasira ilifanya kazi. Ilifanya kazi mahali ambapo hapakuwa na wa kuipinga.

Mtihani halisi ulikuja katika sheria ya kilimo ambayo Obama aliitia saini Februari 2014. Julai 2011 Humane Society na chama kikuu cha wazalishaji wa mayai, United Egg Producers, maadui wa miaka mingi, walikuwa wamekubaliana kuomba kiwango kimoja cha taifa kitakachompa kuku wa mayai nafasi kubwa zaidi. Wakati huo kuku wengi wa nchi hiyo waliishi kila mmoja katika eneo lililo dogo kuliko karatasi ya A4. Wenye kuku walikubali. Waliokataa ni wenye nguruwe na wenye ng'ombe, wakihofia kwamba kesho zamu itakuwa yao, na makubaliano hayo hayakuingia katika sheria. Kifungu cha King nacho kiliondolewa. Kifungu cha watazamaji wa mapigano kilipita: tangu siku hiyo, kukaa ukingoni mwa shimo ni kosa la shirikisho, na kumleta mtoto wa chini ya miaka 16 ni kosa kubwa zaidi.

Byrd hakuwapo kupiga kura. Alifariki Juni 2010 akiwa na miaka 92, bado seneta. Waliomwita mnafiki kwa kulilia mbwa na kusahau nguruwe hawakuwa wamesikia hotuba yake nyingine, aliyoitoa katika ukumbi uleule tarehe 9 Julai 2001, miaka sita kabla ya jina la Vick kufika Seneti kwa habari za mbwa. Siku hiyo alieleza majike ya nguruwe wanaofungiwa miezi mingi katika vizimba vya chuma vya upana wa futi mbili, wasiweze kugeuka. Kuku waliobanwa pamoja. Ng'ombe wanaoanza kukatwa machinjioni wakiwa bado na fahamu. West Virginia ni jimbo la makaa ya mawe, si la nguruwe, na labda hilo lilimpa nafasi ya kusema. Akalitumia neno lilelile la unyama. Hakuna kamera iliyokimbilia kumsikiliza. Alichopata ni dola milioni 3 katika bajeti ya nyongeza, za kuimarisha ukaguzi wa machinjio ya nchi nzima: takriban sehemu moja ya thelathini ya senti kwa kila kuku aliyechinjwa mwaka ule, kama kuku wangehesabiwa katika sheria hiyo.